Aibu Haimo Katika Mtumba

Msomaji, nataka kusema nawe juu ya jambo ambalo watu wengi hulitenda kwa siri na kulitukana hadharani. Jambo hilo ni ununuzi wa mitumba.

Katika miji yetu midogo, vibanda vya mitumba husimama bega kwa bega na maduka ya nguo mpya. Mchana, wenye vyeo hupita hapo wamekunja uso, kana kwamba wapita kando ya jaa. Giza likiingia, baadhi yao hurudi kinyemela, huinamia rundo lile lile, hupatana bei kwa kunong'ona, na asubuhi huenda kazini wakidai kuwa koti lile limetoka katika duka kubwa la Nairobi. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Kama unafiki huu ungaliishia kwa watu wazima, nisingalishika kalamu. Lakini umeingia darasani. Nimepata kumfundisha kijana hodari wa hesabu ambaye kwa siku tatu hakuja shuleni, kwa sababu wenzake walikicheka kiatu chake wakikiita kiatu cha maiti. Kiatu kilikuwa kizima, kimepigwa rangi kikang'aa. Mama yake alikinunua kwa jasho la kufua nguo za watu. Nijibu, msomaji: kilichokuwa kichafu ni kipi, kiatu au kicheko?

Wasemao kuwa hizi ni nguo za wafu hawajui wasemalo. Nyingi hutolewa na watu walio hai, katika Ulaya, Marekani, Kanada na China, waliozichoka kabla hazijachakaa. Hukusanywa, huchambuliwa, hufungwa marobota ya kadiri ya kilo 45, hupakiwa melini hadi Mombasa, kisha huuzwa katika masoko kama Kongowea na Gikomba. Mchuuzi wa mji mdogo hudamka alfajiri, akalipia robota asiloruhusiwa kulifungua. Akibahatika, hupata nguo bora, ziitwazo kamera na wachuuzi. Asipobahatika, hupata matambara na hasara. Mtu ajihatarishaye hivyo ili awalishe wanawe anastahili heshima.

Yupo atakayesema kwamba mitumba iliua viwanda vyetu. Hoja hii ina uzito, wala siikimbii. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, viwanda vya nguo vilidhoofika. Kicomi cha Kisumu kilifungwa. Rivatex cha Eldoret kilifilisika, hata kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha mitumba ifikapo 2019, lakini Kenya ilijitoa katika azimio hilo kwa kuchelea kupoteza soko la nguo zake huko Marekani. Tena ni kweli kwamba nguo zisizofaa huishia majaani kwetu.

Lakini haya ni mambo ya kodi, ya mikataba na ya bei ya pamba. Yapelekwe bungeni, yajadiliwe huko kwa ukali. Hakuna mkulima aliyepata kuuza pamba yake kwa sababu mtoto maskini amechekwa. Na hiyo nguo mpya ujivuniayo, hebu itazame ukosini: mara nyingi nayo imeshonwa ng'ambo. Ikiwa haja yako ni viwanda vyetu, nunua kilichofumwa na kushonwa hapa. Ikiwa haja yako ni kumdharau mwenzako, usijifunike kwa bendera.

Basi, wewe usomaye maneno haya, ukiwa na haja ya mtumba, ununue mchana, uufue, uupige pasi na uuvae bila kusingizia duka lo lote. Ukiwa huna haja nao, msalimu muuzaji ukipita. Na siku mwenzako atakapochekwa kwa ajili ya kiatu chake, usinyamaze.