Kabla Uniulize Nimetoa Wapi Hizo Taa

Kila nikiweka video ya pikapu ya mjomba ikipasua matope, swali la kwanza ni lile lile: "Buda, hizo taa za juu umetoa wapi?" Sawa, nitajibu. Nilizinunua na pesa ambayo ilifaa iende kwa breki, na hiyo akili yangu karibu itumalize tukishuka Sondu.

Gari yenyewe ni Hilux LN106, namba za KAG, injini ya 3L ya dizeli, lita 2.8, springi za majani mbele na nyuma. Mwenyewe ni mjomba wangu. (Kwetu Wakipsigis mjomba tunamwita "mama". Kwa hivyo nikisema kwa simu "mama yuko chini ya gari anafungua difu", wasee wa Nairobi hunyamaza kidogo.) Inabeba majani chai, mbolea, maziwa, saa zingine watu wa mazishi. Kenya hairuhusu gari iliyopita miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hivyo chuma za aina hii ni zile tu ziko tayari hapa. Ndio maana sielewi watu wa "uza hiyo kitu". Auze, halafu majani yabebwe na nini?

Sasa sikiza. Mwaka jana mjomba alipeleka gari iongezewe springi nyuma, mbili kila upande, ili ikibeba isikalie matako. Huku ni kawaida sana. Gari ikainuka nyuma, ikakaa poa kwa kamera, mimi nikaongeza taa. Wiki mbili baadaye tukatoka Kiptere na mahindi, mimi kwa usukani. Nilikuwa gia ya nne, mguu kwa breki karibu mteremko wote. Kwanza nikasikia harufu ya kuungua. Halafu pedali ikawa laini, kama nakanyaga mkate. Halafu ikaenda mpaka chini.

Mjomba hakupiga kelele. Alisema tu, "Weka tatu. Sasa mbili." Injini ikalia kama inataka kuruka nje ya boneti, nikawa napampu pedali kama mwendawazimu, tukasimama gurudumu moja likiwa kwa mtaro, hatua chache kutoka kwa mama anauza ndizi. Alitusalimia. Hakujua chochote.

Tulikaa hapo kama nusu saa. Nikajaribu pedali tena: ngumu, iko sawa kabisa. Vijana wawili wa bodaboda wakaikanyaga, wakasema gari haina ugonjwa. Na hapo ndipo watu wengi huwasha gari wakaendelea na safari.

Ugonjwa ulikuwepo. Mafuta ya breki hufyonza unyevu polepole, mwaka baada ya mwaka. DOT 3 ikiwa mpya inafaa kuvumilia nyuzi 205 kabla ichemke. Ikishaingia maji, kiwango hicho kinashuka mpaka karibu 140. Diski za mbele zikishika moto, mafuta yanachemka ndani ya kalipa yanakuwa mvuke, na mvuke hubonyezeka, kwa hivyo unakanyaga na hakuna kinachosukumwa. Gari ikipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta na pedali inarudi. Inakudanganya hivyo. Mafuta yetu yalikuwa rangi ya chai ya turungi. Mjomba hakukumbuka yalibadilishwa lini, na mimi sikuwahi kuuliza.

Lakini mbona za mbele ziliungua vile? Hii ndiyo ilinikalisha chini. Kwa nyuma, hii gari ina valvu imefungwa kwa chesi, na kijiti kinachoshuka kuiunganisha na ekseli. Mzigo ukikalisha gari, kijiti kinaisukuma valvu na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari ikiwa tupu, inakaa juu, na valvu inapunguza nguvu ya nyuma ili tairi zisigande zikateleza. Waliobuni hiyo kitu walifikiria. Ila valvu haina macho. Ukiongeza springi, chesi inabaki juu hata ukiwa na tani moja mgongoni, na valvu inaamini gari ni tupu. Nyuma zinashika kidogo, mbele zinafanya kazi ya wote. Yaani kile kitu tuliongeza ili tubebe zaidi ndicho kilitunyima breki za kubeba. Na fundi aliyeongeza hakutuambia, kwa sababu hata sisi tulimwambia tu "inua".

Jumamosi iliyofuata tukafungua ngoma za nyuma. Lainingi za upande wa kushoto zilikuwa zimelowa oili ya difu. Mjomba akaniambia niguse kile kipumulio kidogo juu ya difu. Kilikuwa kimezibwa na tope limekauka kama tofali. Difu ikipata joto, hewa ndani inapanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili ipite sili, na oili inaenda moja kwa moja kwa breki. Hilo tope lilikuwa langu. Ni lile la video mlipenda.

Kwa hivyo maoni yangu, na najua yatanipunguzia wafuasi: gari kuukuu ya 4x4 ikiwa na mtu wa Jumamosi, ni gari. Ikikosa huyo mtu, ni mzigo una magurudumu. Na huyo mtu anaanza na breki. Grisi ya mbele, filta, rangi, muziki, hizo zinangoja. Taa ndizo zingoje zaidi. Zilinigharimu 6,500, na mafuta mapya ya breki hayakufika elfu moja. Kutoa upepo tulimaliza kabla ya saa sita, mmoja kwa pedali na mwingine chini na chupa. Ile valvu ya nyuma pia ina nati yake ya kutolea upepo, usiiruke.

Na nyinyi mnaoweka 4x4 kwa lami kavu ili mpigwe picha: hii gari haina difu ya katikati. Mnakunja vyuma vyenu bure.

Kuna mtu ataniambia nimekuwa mhubiri. Sawa. Lakini sisi ni watu wa kaunti hii. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoteza mwelekeo likagonga matatu na watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafa. Sijui ndani ya hilo lori kulikuwa na nini, na sitajifanya najua. Najua kwamba siku hizi nikishuka mteremko nahesabu wanaouza kando. Siku ile ya Sondu, kabla sijafika kwa yule mama wa ndizi, sikuwa nimehesabu mtu.

Mjomba amekataa kutoa springi zote. Ana hesabu zake za mbolea na sina jibu la hizo hesabu. Tumetoa moja kila upande, fundi mwingine akainua kishikio cha ile valvu kule kwa ekseli ikae inavyofaa, tukajaribu kwa marumaru ya ndani kabla ya kurudi barabarani, tupu kwanza, halafu na magunia. Tunashuka na gia tuliyopandia. Bado tunabishana kuhusu magunia mangapi.

Video ya kutoa upepo ilitazamwa na watu 212, na wengi wao waliuliza kuhusu taa. Basi taa ziko sokoni, elfu nne, uje Kiptere na spana yako uzifungue mwenyewe. Sili ya nyuma kulia nayo imeanza kuvuja, na Jumamosi ni keshokutwa.