Uzito wa Mzigo na Siri ya Msafiri

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliosafirisha pembe za ndovu na vitambaa baina ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo walikuwa na kadiri ya mzigo: yapata kilo 30 kwa mtu mmoja. Kadiri hiyo ndiyo iliyoamua nani aweza kuingia safarini. Mzigo ukizidi, hubaki wachache wenye nguvu.

Kanuni iyo hiyo yahusu Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza mwaka 2009. Miamala yake huandikwa katika daftari la pamoja, ambalo huongezwa ukurasa mmoja, uitwao bloku, kila baada ya dakika 10 kwa wastani. Mwaka 2010 mwanzilishi wake, ajulikanaye kwa jina la Satoshi Nakamoto, aliweka kikomo cha megabaiti 1 kwa bloku. Kwa kikomo hicho daftari haliwezi kukua zaidi ya gigabaiti 53 hivi kwa mwaka. Agosti 2017 Bitcoin ilibadili namna ya kupima bloku, ikapata nafasi zaidi. Lakini waliotaka bloku kubwa mno walijitenga, wakaanzisha Bitcoin Cash kwa kikomo cha megabaiti 8. Bloku hizo zikijaa, ni gigabaiti 420 kwa mwaka.

Hoja yao ina uzito: nafasi ikiwa finyu, ada hupanda. Wanalosahau ni siri ya mtumiaji. Programu inayokagua daftari zima huitwa nodi. Asiyemudu gharama za nodi hutumia pochi nyepesi ya simu, ambayo aghalabu huuliza nodi ya mtu mwingine kama anwani fulani zimepokea fedha. Kwa swali hilo, mwenye nodi aweza kutambua kwamba anwani hizo ni za mtu mmoja. Mwaka 2012 ulibuniwa mchujo wa kulificha swali. Watafiti wakaonyesha kuwa unavuja, na mwaka 2019 programu ya Bitcoin Core ikauzima katika mipangilio yake ya kawaida.

Ni kweli kwamba hata mwenye nodi yake aweza kufuatiliwa anapotangaza muamala bila kupitia mtandao wa kuficha kama Tor. Hata hivyo, yeye halazimiki kumwuliza mgeni habari za fedha zake.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini ni vigumu sheria hiyo kuifikia nodi ya mtu asiyejulikana ng'ambo. Kwa hiyo kikomo cha bloku kisipimwe kwa ada peke yake. Hapana budi kipimwe pia kwa uwezo wa kompyuta ya kawaida iliyopo Tabora.