Sadaka za Makanisa Humfikia Nani?

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja, mvuvi wa nyavu, alikuja barazani baada ya sala ya isha na karatasi mfukoni. Binti yake amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na karo hana. Karatasi ile ilikuwa fomu ya kuomba msaada kutoka parokia moja ya Kikatoliki isiyo mbali na mtaa wetu. Akatuuliza neno moja tu: aijaze au asiijaze?

Baraza likagawanyika hapo hapo. Mzee mmoja alisema, "Chambo hicho, mwanangu. Leo karo, kesho msalaba." Mwengine, ambaye aliwahi kuvunjika mguu akalazwa hospitali ya misheni, akasema kwamba masista walimhudumia wiki tatu na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaelekea kibla gani. Kijana wa chuo kikuu akadakia kwamba makanisa yana mabilioni, na kinachomfikia maskini ni makombo yaangukayo chini ya meza. Kila mmoja alikuwa na yakini, na hakuna aliyekuwa na hesabu.

Jirani yangu akanigeukia. "Wewe Maalim ndiwe mtu wa magazeti. Hebu tuangalizie." Nikaangalia, na haya ndiyo niliyoyaona. Suala la halali na haramu nawaachia masheikh wetu. Langu mimi ni mambo matatu: nani ametoa, nani ameshika, na nani amepata.

Tuanze nyumbani

Krapf aliteremka Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Rebmann wakaweka kituo Rabai. Mwaka 1875 jumuiya ya Kiingereza ya Church Missionary Society ikajenga kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele yao ndiyo iliyopatia Kengeleni jina lake, na mpaka leo makondakta wa matatu wanalitaja bila kukumbuka asili yake.

Kijiji kile kiligharimiwa kwa sadaka. Waumini wa Uingereza walitia senti zao kanisani, zikavuka bahari zikawa ardhi, nyumba, unga na mishahara ya walimu. Ni kweli kwamba aliyekula unga ule alitiwa darasani na kanisani pia, na wenyewe hawakulificha hilo. Mzee wetu wa baraza basi hakukosea aliposema chambo.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Kufikia mwaka 1888 watumwa waliowatoroka mabwana zao wa pwani walikuwa wamejaa Rabai na vituo vyengine vya misheni, wapatao 1,400. Mabwana wakaja kudai mali yao. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akapatanisha: mabwana walipwe fidia, na watoro wapewe hati za uhuru. Hati zile zilitolewa mwanzoni mwa mwaka 1889. Waliopokea fidia walikuwa miongoni mwa babu zetu, na waliopokea hati ni babu za majirani zetu. Mwenye kusema kwamba yote yale yalikuwa chambo, na aseme pia ni nani aliyewatia samaki njaa.

Wala Kanisa la Uingereza nalo lisijisifu sana. Mwaka 1704 Malkia Anne alianzisha mfuko wa kuwasaidia makasisi maskini. Wasimamizi wa mfuko ule walitia fedha nyingi katika Kampuni ya South Sea, iliyokuwa ikisafirisha Waafrika kuwapeleka utumwani Amerika. Mfuko ulikua, na mwaka 1948 ukaunganishwa katika hazina ya Kanisa ambayo mwaka 2023 thamani yake ilikuwa kiasi cha pauni bilioni 10. Mnamo Januari 2023 Kanisa lenyewe lilichapisha ripoti ya uchunguzi wake, likakiri, likatangaza kutenga pauni milioni 100 kwa ajili ya jamii zilizodhurika.

Hebu litazame jambo hili, ndugu msomaji. Sadaka ya kumsaidia maskini mmoja ilifanywa mtaji wa kumfunga maskini mwengine minyororo. Aliyetoa alikuwa na nia njema, na aliyepokea alikuwa na haja ya kweli. Ubaya ulipita katikati, katika mkono ulioshika.

Mchango wa Mtakatifu Petro

Tumuache Mwingereza, twende Roma. Kila mwaka, karibu na tarehe 29 Juni, Wakatoliki duniani hutoa mchango uitwao wa Mtakatifu Petro. Waumini wengi wanapotia fedha katika kikapu kile huamini kwamba wanampa Papa akawagawie maskini.

Hesabu za mwaka 2021, ambazo Vatikani yenyewe ilizitangaza, zaonyesha kwamba mfuko ule ulipokea yuro milioni 46.9 na ukatumia milioni 65.3. Katika hizo zilizotumika, milioni 55.5 zilikwenda katika shughuli za ofisi za Papa na utume wake, na milioni 9.8 katika miradi ya moja kwa moja ya kuwasaidia wenye shida.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kipimo cha kulipimia jambo hili. Sura ya At-Tawba, katika aya ya sitini, imewataja watu wanane wanaostahiki zaka, na mmoja wao ni yule anayezitumikia, yaani mwenye kuzikusanya na kuzigawa. Dini haikujifanya kwamba kazi ile haina gharama. Lakini kauli mashuhuri ya Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu sisi watu wa pwani, ni kwamba mtumishi huyo asichukue zaidi ya thumuni, fungu moja katika manane. Katika mfuko wa Roma mwaka ule, ni miradi ya maskini iliyopata zaidi kidogo ya thumuni, na ofisi zikachukua yaliyobaki.

Insafu yataka niseme la pili. Mchango wa Mtakatifu Petro si zaka. Vatikani husema kwamba tangu asili ni wa kumsaidia Papa katika kazi yake yote, na ofisi zake huzihudumia pia nchi maskini. Tena huo si mfuko pekee wa Wakatoliki: Caritas, majimbo na mashirika ya masista wana mifuko yao, na huko ndiko misaada mingi ipitako. Kosa si kwamba ofisi ilikula. Kosa ni kwamba kwa miaka mingi aliyetia fedha kikapuni hakuambiwa wazi mgawanyo wake.

Na penye kiza cha hesabu, panya hupita. Ofisi ile ile iliyokuwa ikiushika mfuko huo iliingia katika biashara ya jengo la fahari mjini London, ikazama humo na kiasi cha yuro milioni 350. Mwaka 2022 jengo likauzwa kwa pauni milioni 186. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2020, Papa Francis alikwisha kuinyang'anya ofisi hiyo madaraka ya fedha. Kesi ikafanywa ndani ya Vatikani kwenyewe, na Desemba 2023 Kardinali Angelo Becciu akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na nusu, akakata rufani akishikilia kwamba hana hatia. Mahakama ya Kanisa kumhukumu Kardinali wa Kanisa ni jambo ambalo hata asiyekuwa Mkristo hana budi kulizingatia.

Mkono wa kanisa, mfuko wa serikali

Kuna jambo jengine ambalo barazani hatukulijua. Fedha nyingi tuzionazo katika mkono wa kanisa hazikutoka katika kikapu cha kanisa.

Catholic Relief Services, shirika la misaada la Wakatoliki wa Marekani, lilikuwa likipata kiasi cha nusu ya bajeti yake kutoka kwa shirika la serikali ya huko, USAID. Serikali ya Marekani ilipozifunga fedha hizo mapema mwaka 2025, shirika likalazimika kupunguza wafanyakazi na kusimamisha miradi. Aliyedhani unga ule ni sadaka ya Jumapili kumbe alikuwa akila kodi.

Hospitali za misheni hapa kwetu nazo ni vivyo hivyo. Sadaka ndiyo iliyosimamisha kuta zake za mwanzo. Leo dawa na mishahara hutegemea zaidi malipo ya wagonjwa na bima ya serikali. NHIF ilipoondoka na SHA ikaingia Oktoba 2024, hospitali za dini zilikuwa zikidai mabilioni ya shilingi, na baadhi zikaanza kuwataka wagonjwa walipe taslimu. Wakristo hawa hata hivyo walifanya jambo moja la akili: mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti, waliobishana kwa karne nyingi, waliungana wakaanzisha MEDS, ghala moja la kununua dawa kwa jumla kwa ajili ya hospitali zao zote. Hawakungoja kukubaliana katika itikadi ndipo wanunue vidonge.

Na liko la Novemba 2024. Rais William Ruto alikwenda kusali katika kanisa la Kikatoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa wanakwaya na halmashauri ya parokia, na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Siku ya pili yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha zile zirudishwe, pamoja na 200,000 za Gavana wa Nairobi. Wengi walimpongeza kwa kuzikataa fedha za wanasiasa, na ni haki yake. Mimi nilitazama pia zilikuwa za nini. Waimbaji, halmashauri, nyumba ya padri. Maskini hakuwamo katika orodha, si kwa aliyetoa wala kwa aliyerudisha.

Kioo chetu

Nilipofika hapa ningeweza kuweka kalamu chini, nikawaachia wasomaji wangu furaha ya kuzicheka hesabu za watu. Lakini jirani yangu bado anangoja jibu.

Nilifuatana naye mpaka parokiani. Sista anayetunza hazina alitukaribisha kwa adabu. Nikamuuliza yale maswali yangu matatu. Akafungua daftari: sehemu ya fedha ni michango ya Kwaresima, sehemu ni kodi ya vibanda vya parokia. Waliopata mwaka uliopita wameandikwa, na mkaguzi ametia sahihi. Fomu yauliza alama za mtihani, pato la mzazi na barua ya chifu. Dini haikuulizwa. Sikusema kwamba kila parokia iko hivyo. Nasema hii niliiona.

Kisha nikaenda msikitini kwetu kwa mtunza hazina, mtu mwaminifu ninayemheshimu, nikamuuliza maswali yale yale. Nani ametoa? Hajui, maana watu hutia sandukuni. Nani ameshika? Yeye, katika daftari moja ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kuliona. Nani amepata? Zaka hugawiwa Ramadhani, kwa waliopanga foleni, noti kwa noti, na kufikia Idi imekwisha.

Wala si kwamba hatuna mali. Wazee wetu waliacha wakfu wa nyumba, mashamba na maduka, na wengi waliandika wazi kwamba pato lake ni la mayatima na mafukara. Kenya ina Makamishna wa Wakfu tangu enzi za ukoloni, na mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria mpya ya wakfu. Lakini nionyeshe, ndugu yangu, ukuta wa msikiti ambao umebandikwa hesabu za mwaka: nyumba ngapi, kodi kiasi gani, yatima gani kasomeshwa. Mimi nimo mtaani hapa zaidi ya miaka hamsini, na karatasi hiyo sijaisoma.

Basi wakubwa wa Roma walilazimishwa na kashfa wafungue daftari. Sisi hatuna kashfa, kwa sababu daftari halijafunguliwa.

Nilimuomba mtunza hazina wetu amfikirie binti wa mvuvi. Alisikitika kwa dhati. Akasema, "Mwambie asubiri Ramadhani." Ramadhani iko miezi saba mbele, na chuo chafunguliwa Septemba.

Jioni ile jirani yangu alinijia nyumbani na fomu. Yeye huandika kwa herufi za Kiarabu tu, akanitaka nimjazie. Mzee wa chambo alikuwa amekaa pembeni, akatazama asiseme neno. Tulijaza jina, mtaa na pato la mwezi. Karibu na mwisho palikuwa na swali: je, umekwisha omba msaada mahali pengine, na umejibiwa nini?

Nikamtazama. Akaniambia, "Andika ukweli, Maalim."

Nikaandika: Ndiyo, msikitini kwetu. Ameambiwa asubiri.