D si gia ya kila mlima

Mfanyabiashara anayepakia mzigo Kikuubo, katikati ya Kampala, hukutana na mlima kabla hajaukaribia mpaka wowote. Noah au Ipsum imeshonwa maboksi mpaka kwenye dari, foleni inatambaa kuelekea Namirembe, na gari linasimama kwenye mwinuko, linasogea hatua mbili, linasimama tena. Dereva hakanyagi breki. Analishikilia gari kwa mafuta, injini ikinguruma taratibu, lisije likarudi nyuma na kumgonga bodaboda aliyejibanza nyuma yake. Anaamini huo ndio ustadi wa Kampala. Kwa kweli anaipika oili ya giaboksi.

Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyagwa. Nguvu ya injini huifikia gia kupitia oili inayozungushwa ndani ya chombo cha duara kilichokaa kati ya vitu hivyo viwili. Injini ikisukuma na matairi yasizunguke, nguvu ile haipotei bure, inageuka joto ndani ya oili. Oili ikichemka mara kwa mara inaungua, inapoteza utelezi wake, na bamba zinazoshikilia gia zinaanza kusagika. Gari haliharibiki siku hiyo. Linaharibika miezi kadhaa baadaye, pengine usiku, katikati ya Mbarara na Kabale, na nyanya za mtu zikiwa ndani.

Kwa hiyo haya si mambo ya mafundi peke yao. Kwa mchuuzi anayekwenda Katuna, Mutukula, Busia au Malaba, gari ni mtaji sawa na bidhaa iliyobebwa ndani yake, na mara nyingi ni mtaji mkubwa kuliko hiyo bidhaa. Watu wanaohesabu kila shilingi ya ushuru, wanaojua kwa moyo kiwango cha mzigo kinachopita kwa utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya, huendesha miaka mitano bila kujua herufi zilizo chini ya D kwenye mkono wa gia zina kazi gani.

Lawama si yao wote. Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani na kitabu chake cha maelezo, kama bado kimo ndani, kimeandikwa Kijapani. Uganda ilipopitisha sheria ya mwaka 2018 ya kuzuia magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, Kenya ilikuwa tayari na kikomo cha miaka 8. Gari ambalo Kenya isingelipokea kwa sababu ya umri linapita bandari ya Mombasa hiyohiyo likiwa safarini kuja Kampala. Hakuna ubaya katika hilo, kwani wengi wasingemudu gari jipya zaidi. Lakini maana yake ni kwamba mnunuzi wa Kampala anapokea giaboksi iliyokwisha kufanya kazi zaidi ya muongo mmoja, kisha anaipeleka kwenye mji ambao tangu zamani husifiwa kwa vilima 7 na ambao leo umepanda mpaka Muyenga, Buziga, Naguru na Mutungo. Shule za udereva nazo bado zinafundisha zaidi kwa gari la gia za mkono. Mwanafunzi anahitimu akijua klachi, halafu ananunua gari lisilo na klachi na kuambiwa kwamba kazi ni moja tu, kuweka D na kukanyaga.

D inafaa tambarare. Kwenye mlima mrefu, gari lenye mzigo likiachwa kwenye D linahangaika, linapanda gia, linaona halina nguvu, linashuka, linapanda tena. Kila badiliko ni joto jingine. Magari mengi ya zamani yana kitufe kidogo pembeni mwa mkono wa gia. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gari linazuiwa kutumia gia yake ya juu kabisa. Madereva wengi huiogopa taa hiyo wakidhani ni ya ubovu, nao huizima haraka. Hiyo ndiyo taa ya mlimani, mradi isiwe inamweka. Ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, hapo gari linaeleza kwamba kompyuta yake imeona hitilafu kwenye gia. Chini ya D kuna 2 na L, au S na B katika magari mapya zaidi, na zote zipo kwa kazi moja: kuifanya injini ivute kwa nguvu wakati wa kupanda na ilizuie gari wakati wa kushuka.

Na kushuka ndiko kunakoua.

Barabara ya kutoka Malaba kwenda Nairobi inapita kwenye miinuko ya Timboroa kabla ya kuteremka kuelekea Nakuru kupitia Sachangwan na Salgaa. Kila mfanyabiashara wa njia hiyo anayajua majina hayo. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana eneo la Migaa, jirani na Salgaa, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ukuta wa zege uliwekwa baadaye kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Kwa miaka mingi madereva wa malori wamelaumiwa kwa kuliteremka eneo hilo na nyutro ili kuokoa dizeli, na magari madogo yameiga tabia hiyo.

Hesabu yenyewe ni ya uongo. Gari la EFI likiteremka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta hukata petroli, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwekwa nyutro, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizimike. Anayeteremka na nyutro analipia mafuta ambayo mwenzake aliyebaki kwenye gia halipii, na juu ya hayo amejinyima breki ya injini. Kilichobaki ni breki za miguu pekee, nazo zinashikilia gari, abiria na magunia ya mchele kwa kilomita kadhaa. Pedi zinapata moto mpaka hazishiki tena. Maji ya breki ya zamani, yaliyokwisha kunyonya unyevu, yanaanza kuchemka ndani ya mipira yake, na pedali inazama chini kama inakanyaga hewa. Wapo pia wanaozima injini kabisa. Hao wamepoteza msaada wa breki na wa usukani kwa mkupuo mmoja, na ufunguo ukizungushwa kupita kiasi usukani unaweza kujifunga kabla ya kona.

Njia sahihi haina fumbo. Gia ndogo huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza na mwendo ungali mdogo, si katikati wakati gari limekwisha kupata kasi. Waliotembea sana zamani walisema gari lishuke kwa gia ileile linayopandia, na kwa mzigo mzito kauli hiyo bado inasimama. Breki inakanyagwa kwa uthabiti mpaka mwendo upungue, kisha inaachiwa ipoe. Kuilalia kwa mguu mmoja tangu kileleni hadi bondeni ndiko kunakoiunguza. Harufu kali ya kuungua ikiingia ndani, ni wakati wa kutafuta pahali pa kusimama na kungoja, tena bila kumwagia maji kwenye magurudumu yenye moto. Na siku breki zikigoma kabisa, mkono usikimbilie P. Zinashushwa gia moja baada ya nyingine, breki ya mkono inavutwa kidogokidogo, taa za hatari zinawashwa na macho yanatafuta mwinuko au ukingo wa udongo wa kulipunguza gari kasi.

Kwa wanaokwenda Kigali kuna jambo jingine ambalo mazungumzo ya Katuna hayaligusi. Tangu mpaka huo ulipofunguliwa tena Januari 31, 2022, magari ya Uganda yamerudi kwenye milima ya Rwanda, ambako watu huendesha upande wa kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia, akiwa nyuma ya lori linalopanda polepole, haoni kitu mbele mpaka ameshachomoza nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja. Akiamua kupita na kukanyaga mafuta yote, otomatiki haiitiki papo hapo. Inachukua nukta kadhaa kuteremsha gia, na nukta hizo ndizo lori la upande wa pili linazohitaji kufika. Ni heri kuiondoa gia ya juu mapema, au, ambayo ni bora zaidi, kubaki nyuma ya lori. Kigali haihami.

Kuegesha mlimani ni habari fupi. Wengi huweka P, huachia breki, na gari linayumba kisha linajikita. Kinacholishikilia gari zima hapo ni kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Gari lishikiliwe kwanza kwa breki ya mguu, breki ya mkono ivutwe, ndipo P iwekwe, na matairi yakunjwe kuelekea ukingo. Jiwe la tanboi nyuma ya tairi halijapitwa na wakati, ila liondolewe barabarani gari likishaondoka.

Giaboksi inayokufa hutoa taarifa. Mkono unawekwa D na gari linafikiri kwanza kabla ya kuondoka. Injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Gia zinaingia kwa kishindo. Oili iliyokuwa nyekundu imekuwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, au imekuwa ya waridi yenye povu kama maziwa, dalili kwamba maji ya rejeta yamepenya ndani. Katika magari yenye kijiti cha kupimia, oili hii kwa kawaida hupimwa injini ikiwaka na ikiwa na moto, gari likiwa tambarare, tofauti na oili ya injini. Wengi huipima ikiwa baridi, wanaona imepungua, wanaongeza mpaka inazidi. Magari ya karibuni hayana kijiti kabisa na hupimwa na fundi kutoka chini.

Hapo ndipo safari ya Kisekka na Ndeeba inapoanza, na ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mafundi wa Kampala ni hodari, hilo halina ubishi. Watu hutoka nchi jirani kutafuta spea na mikono yao. Lakini hata fundi hodari anaweza kumimina oili isiyo yake. Toyota na Nissan nyingi za miaka ya karibuni hazina gia za meno za kawaida. Zina mkanda wa chuma unaocheza kati ya puli mbili, na mkanda huo una oili yake maalumu. Ukiwekewa oili nyekundu ya kila gari, unateleza na kukwaruzika. Mwenye gari hana budi kujua jina la oili ya gari lake na kuona kopo likifunguliwa mbele yake. Akiambiwa giaboksi imekwisha na abadilishiwe na nyingine iliyotoka Japani, akumbuke kwamba hiyo nayo imetolewa kwenye gari la zamani ambalo historia yake haijulikani. Dhamana iandikwe kwenye karatasi, japo ya wiki chache. Lita chache za oili sahihi, zikibadilishwa kwa wakati, ni sehemu ndogo tu ya gharama hiyo.

Na gari likikwama, lisivutwe kwa kamba mpaka mjini. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, gia zinasagana zikiwa kavu. Gari la kubeba magari ni ghali, lakini kamba imeua giaboksi nyingi ambazo zilikuwa na ugonjwa mdogo tu.

Serikali nazo zina deni. Uganda ilianzisha ukaguzi wa lazima wa magari, wabunge wakaupinga, ukasimama. Shirika la viwango, UNBS, linadai magari yaliyotumika yakaguliwe kabla ya kusafirishwa, na hilo ni jema, lakini ukaguzi wa bandarini hausemi lolote kuhusu breki baada ya miaka mitatu ya kupanda na kushuka Kabale. Mtihani wa udereva hauna budi kumpandisha mtahiniwa mlimani kwa gari la aina atakayoendesha. Mawaziri wa Jumuiya wanaoweza kukubaliana juu ya uzito wa ekseli za malori wanaweza pia kukubaliana juu ya alama moja ya barabarani inayomwambia dereva, kabla ya kila mteremko mrefu kati ya Mombasa na Kigali, aweke gia ndogo.

Lugha ya kuandikia maneno hayo ipo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi. Karatasi moja ukutani Malaba, Busia, Mutukula na Katuna, pale wachuuzi wanapopanga foleni kungoja mihuri, ingetosha kueleza kazi ya L, 2, S, B na kile kitufe cha pembeni.

Leo mtu anaingia hapo na fomu zake zote mkononi, anagongewa muhuri, anarudi kwenye gari, anaweka D na kuanza kuteremka.