Ajira za mtandaoni: Simu ya mezani haipo, je, mlango umefungwa?

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

MIONGONI mwa masharti yanayowakatisha tamaa wakazi wa Unguja wanaotafuta kazi za kufanyia nyumbani kwa njia ya intaneti, lipo moja ambalo kwa macho ya haraka linaonekana dogo: mwombaji awe na simu ya mezani nyumbani kwake.

Kwa kijana wa Kwahani, Jang'ombe au Fuoni, sharti hilo ni sawa na kuambiwa kazi si yake. Nyumba aliyozaliwa haina waya wa simu, ya jirani haina, na huenda mtaa mzima hauna. Simu anayoijua ni ile iliyomo mfukoni.

Takwimu zinaeleza ukweli huo bila kificho. Hadi mwishoni mwa 2023, laini za simu za mkononi zilizosajiliwa Tanzania zilikuwa zimepita milioni 70, wakati zile za mezani hazikufika laki moja kwa nchi nzima, na nyingi kati ya hizo ziko maofisini. Zanzibar peke yake ilikuwa na watu 1,889,773 katika Sensa ya 2022.

Hivyo basi, swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, kukosekana kwa simu ya mezani kunamfungia Mzanzibari mlango wa ajira hizo, au sharti lenyewe limepitwa na wakati?

Swali hili si la anasa. Uchumi wa Zanzibar umeegemea mno utalii, na mwaka 2020 ulitoa funzo chungu. Watalii waliofika visiwani, ambao mwaka 2019 walizidi 538,000, walishuka hadi takriban 260,000 kutokana na janga la Uviko-19. Hoteli zilifunga milango, na watembeza wageni wa Forodhani na wapishi wa Nungwi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Idadi ya wageni imepanda tena na kupita ile ya awali, lakini familia iliyoonja msimu ule inajua hatari ya kutegemea mlango mmoja wa riziki.

Chimbuko la sharti

Inashangaza kwamba kisiwa hiki kinaulizwa leo kuhusu waya wa simu, ilhali kilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo katika pwani hii kuunganishwa na dunia kwa waya. Mwaka 1879, waya wa simu za maandishi uliopita chini ya bahari kutoka Aden kuelekea kusini mwa Afrika ulifika Zanzibar, chini ya kampuni ya Eastern Telegraph. Jengo la shughuli hizo lingalipo Shangani, ingawa sasa limo ndani ya hoteli ya Serena.

Hata hivyo, waya huo ulikuwa wa watawala na wafanyabiashara wakubwa. Kampuni ya Simu (TTCL), iliyozaliwa katika miaka ya mwanzo ya 1990 baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa, ilifikisha simu za mezani katika nyumba chache. Kabla waya haujawafikia wananchi wa kawaida, simu za mkononi ziliingia, ikiwamo Zantel iliyoanzishwa mwaka 1999, na watu wengi wakairuka kabisa hatua ya simu ya mezani.

Nchini Marekani mambo yalikwenda kinyume. Huko karibu kila nyumba ilikuwa na simu ya mezani. Shirika la ndege la JetBlue, lililoanza safari zake mwaka 2000, liliweka wapokea simu za kukata tiketi majumbani mwao katika jimbo la Utah. Kampuni kama LiveOps na Arise nazo zikajenga biashara nzima juu ya mtindo huo, mteja akipiga simu na sauti yake kupelekwa sebuleni kwa mhudumu.

Kampuni hizo zilidai simu ya mezani kwa sababu za msingi. Waya wa shaba haukukatikakatika, sauti ilikuwa safi, na simu ilifanya kazi hata umeme wa nyumba ulipozimika. Aidha, namba ya mezani ilithibitisha kwamba mhudumu anaishi mahali anaposema anaishi.

Kilichobadilika ni kwamba sauti hiyo sasa husafiri kwa intaneti. Mhudumu huvaa spika za masikioni, hufungua programu ndani ya kompyuta, na simu ya mteja humlia humo humo. Baadhi ya matangazo yangali na sharti la zamani, na mengi ya hayo yanawalenga wakazi wa Marekani au Canada pekee. Mwombaji wa Unguja anayekutana nalo asipoteze siku nzima kutafuta njia ya kulikwepa, kwani hata angekuwa na simu ya mezani, namba inayoanza na 024 isingemsaidia.

Kazi zisizouliza simu

Busara ni kuzitenga kazi za mtandaoni katika mafungu mawili, zile za sauti na zile zisizo za sauti. Fungu la pili ndilo pana zaidi kwa mwombaji wa hapa. Ndani yake kuna tafsiri, unukuzi wa sauti kuwa maandishi, uandishi wa manukuu ya filamu, uwekaji hesabu, usanifu wa picha, utengenezaji wa tovuti na programu, uingizaji wa takwimu, na kujibu wateja kwa maandishi.

Katika baadhi ya kazi hizo, Mzanzibari anao mtaji ambao wengi hawana. Ni lahaja ya Kiunguja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wageni wamekuwa wakifika Unguja kujifunza lugha hii, na Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), iliundwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Berlin au Chicago anaweza kufundishwa na mwalimu aliyeketi Mkunazini, wakionana kwa kompyuta.

Kadhalika kuna soko la Ghuba. Muscat imetangulia Unguja kwa saa moja tu, na Oman ina jamii kubwa ya watu wenye asili ya Zanzibar wanaozungumza Kiswahili. Mwenye Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza anaweza kufanya kazi na ofisi ya huko bila kugeuza usiku kuwa mchana. Ni tofauti na anayefanya kazi kwa saa za New York, ambaye ofisi ikifunguliwa saa 3 asubuhi huko, hapa ni saa 10 au saa 11 jioni kutegemea majira, na humaliza kazi usiku wa manane.

Masharti mapya

Pamoja na hayo, lingekuwa kosa kudhani kwamba kuondoka kwa sharti la simu ya mezani kumeacha njia nyeupe. Mahali pake yameingia masharti mengine, na hayo ndiyo yanayomkwamisha mwombaji wa leo.

La kwanza ni intaneti ya uhakika. Bando la simu linatosha kutuma barua pepe, lakini kazi ya saa nane kwa siku hulimaliza upesi. Huduma za nyuzi za kioo, ikiwamo ile ya TTCL ya Faiba Mlangoni Kwako, ndizo mrithi halisi wa simu ya mezani, lakini si kila mtaa umefikiwa. Ndani ya Mji Mkongwe kuna tatizo la ziada: kuta nene za mawe na chokaa, ambazo ni fahari ya urithi wetu, hudhoofisha mawimbi kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mpangaji anayetaka kufanyia kazi nyumbani hana budi kupima mtandao katika chumba chenyewe kabla ya kulipa kodi.

La pili ni umeme. Wakazi wa Unguja hawajasahau giza la kuanzia Mei hadi Juni 2008, wala lile la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulipoharibika. Waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100, uliojengwa kwa msaada wa Marekani, ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa nafuu. Hata hivyo, mwajiri aliye mbali hajui habari za Tukuza kuisha wala umeme kukatika mtaani. Anachokiona ni kwamba mfanyakazi hayupo. Kompyuta mpakato yenye betri nzima na betri ndogo ya kuwasha kisambaza intaneti ni vitendea kazi vya lazima.

La tatu ni mtandao wa taifa wenyewe. Mei 12, 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM iliathiri vibaya intaneti nchini. Na kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Hitilafu ya baharini mteja wa ng'ambo anaweza kuielewa. Kuzimwa kwa makusudi kunamfanya ajiulize kama ampe kazi mtu wa nchi nyingine. Hasara ya namna hiyo haionekani katika hesabu za Serikali, bali humwangukia kijana mmoja mmoja kimya kimya.

Hapo hapo lipo suala la VPN. Kampuni nyingi huwataka wafanyakazi wao kuingia katika mifumo yake kwa njia hiyo ili kulinda siri za wateja. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN kwa kazi halali wajisajili. Anayepata ajira ya aina hiyo aanze na hatua hiyo asije akajikuta upande mbaya wa sheria.

La nne ni malipo. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imemruhusu mwenyewe kutuma fedha lakini si kupokea, na wapo waliomaliza kazi ndipo wakagundua hilo. Njia zilizopo ni pamoja na Payoneer na uhamisho wa moja kwa moja kwenda benki. Jambo hili liulizwe siku ya kwanza, kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja.

Funzo la Nairobi

Jirani zetu wa Kenya walitangulia katika safari hii, na mpango wao wa Ajira Digital ulianza mwaka 2016. Maelfu ya vijana wamepata kipato, lakini yapo pia makovu.

Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliochambua maandishi ya kutisha kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook waliishitaki Meta, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushitakiwa nchini humo. Machi 2024 mtandao wa Remotasks uliwafungia Wakenya huduma zake, na waliokuwa wakiutegemea wakabaki bila kazi wala pa kulalamika.

Funzo ni kwamba kazi isiyo na mkataba, isiyo na ofisi na ambayo mwajiri wake hajulikani sura, huondoka kama ilivyokuja. Ni nzuri kuanzia, lakini ni hatari kuifanya nguzo pekee ya nyumba.

Wapo pia matapeli. Walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamegeukia ajira. Humtaka mwombaji alipie fomu, mafunzo au "dhamana" kabla ya kuanza kazi. Wengine humlipa fedha kidogo siku mbili za mwanzo ili kumtia imani, kisha humtaka aweke kiasi kikubwa. Kanuni ni moja na haina ubaguzi: mwajiri wa kweli humlipa mfanyakazi, hamtozi.

Wajibu wa Serikali

Agosti 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar, ikishirikiana na kampuni ya Wasoko, kwa nia ya kuvutia kampuni za teknolojia, hususan katika eneo la Fumba. Wageni wanaofanya kazi za kwao kwa kompyuta wakiwa Paje na Jambiani nao si jambo geni tena.

Ni hatua za kupongezwa. Lakini kumleta mgeni aje kufanya kazi yake akiwa Paje ni jambo moja, na kumwezesha mtoto wa Paje afanye kazi ya ng'ambo akiwa kwao ni jambo jingine. La kwanza hupandisha kodi za nyumba, la pili huingiza kipato ndani ya familia.

Tofauti hiyo inaweza kupunguzwa bila fedha nyingi. Mkonga wa Taifa wa Zanzibar upo. Kinachokosekana ni mahali pa wazi ambapo kijana asiye na intaneti nyumbani anaweza kuketi kwa saa nane, penye umeme wa akiba na mtandao wa kasi, kwa bei anayoimudu. Chumba kimoja katika kila wilaya, ndani ya skuli au maktaba, kingekuwa mwanzo mzuri.

Faida yake ingewafikia hasa wanawake. Wapo wasomi wengi wa kike ambao malezi, umbali au ada za daladala za kila siku zimewazuia kushika ajira za hotelini au mjini. Kwao kazi ya karibu na nyumbani ndiyo pekee inayowezekana.

Simu ya mezani, basi, si kikwazo. Kikwazo ni mambo manne yaliyoshika nafasi yake: mtandao, umeme, njia ya malipo na uhakika kwamba kesho intaneti itakuwapo. Mawili ya mwanzo mwananchi anaweza kuyapunguza makali kwa jitihada zake, na la tatu kwa kuuliza mapema. La nne liko mikononi mwa Serikali peke yake.