MIJI YETU NA WATU WAKE: Mkono Usiotolewa Biharamulo na Ngara



Ni dasturi ya ukurasa huu kuingia kila mwezi katika mji mmojawapo wa nchi zetu, tukatazama watu wake wanavyoamka, wanavyochuma na wanavyozikana, kisha tukajiuliza ni lipi tuwezalo kujifunza kwao. Mara hii twawachukua wasomaji mbali na pwani, mpaka Mkoa wa Kagera, katika wilaya mbili zilizopakana, Biharamulo na Ngara.

Biharamulo ni mji wa tangu zamani. Boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 lingali limesimama hapo juu ya kilima, nao walioamrisha lijengwe wamekwisha sahauliwa. Kusini yake ziko njia panda mbili mashuhuri, Nyakanazi na Lusahunga. Malori yatokayo Isaka na Kahama hupita hapo. Na Lusahunga njia moja huelekea Biharamulo na Bukoba, na nyingine hushika magharibi kwenda Ngara. Ngara nayo ni nchi ya vilima, na milango yake ni miwili: Rusumo, penye maporomoko ya mto Kagera, ndio mlango wa Rwanda, na Kabanga ndio mlango wa Burundi. Mwaka 2016 lilifunguliwa daraja jipya la Rusumo pamoja na kituo cha mpaka ambacho maafisa wa nchi mbili hufanya kazi pahala pamoja, na tangu hapo msafara wa magari umezidi.

Miji ya namna hii huishi kwa mkono. Dereva hushuka, akapeana mkono na mama lishe aliyempikia maharage na ndizi. Mchuuzi hupokea fedha kwa mkono na kutoa karanga kwa mkono. Mgeni hukaribishwa, na mkono wake hushikwa muda mrefu huku akiulizwa khabari za nyumbani, za mvua na za mifugo. Akifa mtu, msiba hauna mwenyewe. Muislamu huchimba kaburi la jirani yake Mkristo, na Mkristo hubeba kuni za kupikia matanga ya Waislamu. Na maiti wetu huoshwa na mikono ya jamaa zake, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, tangu kichwani hata nyayoni.

Wala mkono wa watu hawa si mfupi. Wasomaji wazee watakumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakati wa mauaji makubwa ya Rwanda, walipovuka Rusumo wakimbizi wapatao 250,000 kwa muda usiozidi siku mbili. Walitua Benaco, katika wilaya ya Ngara, na mahali palipokuwa na nyasi na miti pakawa mji mkubwa kuliko mingi ya Tanzania. Wakulima wa Ngara waliona kuni zao zikiisha na visima vyao vikikauka. Walakini waliwapokea wageni, na wengi wao wakarejea kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Watu waliokwisha pita katika mtihani kama ule si watu wa kufundishwa na sisi maana ya ujirani.

Basi mwanzoni mwa mwaka 2025 watu hawa hawa walijiwa na mtihani wa namna nyingine, uliowataka waurudishe nyuma mkono wao. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kuwa maradhi ya Marburg yamethibitika Mkoani Kagera, katika wilaya ya Biharamulo. Hadi yalipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi 2025, watu 10 walikuwa wamekufa: wawili waliothibitishwa kwa vipimo, na wanane waliodhaniwa kwa dalili zao. Hakupona hata mmoja. Na hii haikuwa mara ya kwanza kwa mkoa huo: mwaka 2023 maradhi hayo hayo yaliingia upande wa Bukoba, wakaugua watu 9 na wakafa 6. Na ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, baina ya Septemba na Disemba 2024 waliugua watu 66 na wakafa 15, na wengi katika waliougua walikuwa watumishi wa afya.

Yatupasa tuyafahamu maradhi haya kama yalivyo, kwani khofu hukua penye ujinga. Jina lake latokana na mji wa Marburg, Ujerumani, ambako yalijulikana kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na walioyapata walikuwa wafanyakazi wa maabara walioshughulika na tumbili waliotoka Uganda. Wenye kuyahifadhi porini ni popo walao matunda, wakaao mapangoni. Mtu akishapatwa, humwambukiza mwenziwe kwa damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mwili, na kwa nguo na matandiko yaliyochafuka kwayo. Hayaruki hewani kama mafua. Huanza kwa homa kali, maumivu ya kichwa na ya viungo, kisha kuhara na kutapika, na baadhi ya wagonjwa hutokwa na damu. Tangu kuambukizwa hata kuonekana dalili hupita siku 2 mpaka 21. Wakati wa mlipuko wa Biharamulo haikuwako chanjo wala dawa iliyoidhinishwa kwa ajili yake.

Sasa tazameni, ndugu zetu, ubaya wa maradhi haya ulipo. Yako maradhi yamwingiayo mtu kwa uchafu. Haya humwingia kwa wema wake. Humpata mama aliyempangusa mwanawe matapishi, na muuguzi aliyemshika mgonjwa asiyekuwa na mtu, na jamaa aliyemwosha maiti. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg wabaki na hatari yake. Na mkono uliokwenda kutekeleza faradhi waweza kurudi na mauti nyumbani.

Penye jambo kama hili watu hugawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea.

Kundi la kwanza husema: siku ya mtu ikifika imefika, na kujikinga ni udhaifu wa imani. Hao twawakumbusha safari ya Sayyidna Umar (r.a.) ya kwenda Sham. Alipofika Sargh aliletewa khabari ya kuwa tauni imeingia huko. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Kikureshi, na baada ya kuwasikiliza wote akaamua kurejea na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa kurejea kwake nako ni katika kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyekuta bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja mkavu. Popote achungapo amechunga kwa kadari ya Mola wake. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba nchi iliyosikiwa kuwa na tauni isiingiwe, na aliyemo ndani yake asitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudi. Ikiwa huyo alijikinga, sisi ni nani tusijikinge?

Kundi la pili ni lenye khofu iliyopita kiasi. Hawa humkimbia hata asiyeugua. Mtu akishatoka nyumba yenye msiba, hauziwi chumvi. Watoto wake hutengwa shuleni. Dereva akisema atoka Biharamulo, watu huvuta viti vyao. Mamia ya watu waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walifuatiliwa na waganga siku 21. Aliyekamilisha siku hizo bila ya dalili si mwenye kuambukiza mtu, na kumwepuka baada yake ni dhulma tupu. Tena ni dhulma yenye kuzaa hatari: mwenye kuogopa kutengwa huficha homa yake, na homa iliyofichwa ndiyo iuayo nyumba nzima.

Baina ya makundi haya iko njia, na ameionyesha mwenyewe Mtume (s.a.w.). Walipomjia wajumbe wa Thaqifu kutoa ahadi yao ya utii, miongoni mwao alikuwamo mtu mwenye ukoma. Ahadi ile wanaume waliitoa kwa kupeana mkono. Mtume (s.a.w.) hakumwita mtu yule ashikane naye mkono, wala hakumkataa. Alimpelekea neno kwamba ahadi yake imepokewa, na arejee. Zingatieni, enyi wasomaji, khasa nyinyi vijana. Mkono haukutolewa, na ahadi ikatimia. Mtu yule alirudi kwao naye ni mmoja katika umma, hakupungukiwa na kitu. Basi mkono ni chombo cha mapenzi, si mapenzi yenyewe. Na chombo kikizuiliwa, mapenzi hutafuta njia nyingine.

Njia hizo ni zipi? Tutazitaja kwa uwazi, ili nyumba zetu za Nyakanazi, Rulenge, Kabanga na kwengineko ziwe tayari kabla ya siku ya haja.

Kwanza, mgonjwa mwenye homa kali na kutapika, wakati wa khabari kama hizi, asitibiwe kwa siri chumbani. Apewe chumba chake, asiguswe mwili wala matapishi yake kwa mkono mtupu, na watumishi wa afya waitwe upesi. Simu ya 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Kumwita mganga si kumtupa mgonjwa. Kumtupa ni kumficha.

Pili, maiti. Twajua kuwa hapa ndipo mioyo ya Waislamu huumia, kwani kuosha, kukafini, kusalia na kuzika ni haki za maiti juu ya walio hai. Walakini sheria yetu haikumwacha mtu penye dhiki. Katika madhehebu ya Imamu Shafi wanavyuoni wamesema tangu zamani kuwa maiti asiyewezekana kuoshwa, kama aliyeungua hata ikakhofiwa kupukutika, hutayamamishwa. Na wakati wa Uviko, mwaka 2020, wengi katika wanavyuoni wa zama zetu waliruhusu hata tayamamu ya juu ya kile alichofunikwa maiti, inapokuwa kumgusa kwaleta madhara. Mwili ushikwe na wale wenye mavazi ya kinga na mafunzo, na sisi tusimame mbali kwa safu zetu tukamsalie. Na aliyezuiliwa kufika, amsalie sala ya ghaibu huko aliko. Na ipo bishara ya Mtume (s.a.w.) kwamba afaye kwa tauni ana daraja ya shahidi, na twamtaraji Mwenyezi Mungu asiwanyime fadhila hiyo waliokufa kwa maradhi mfano wake.

Hapa tuna shauri letu kwa misikiti ya wilaya hizi mbili. Wasingoje siku ya msiba. Kila msikiti uchague wanaume wawili na wanawake wawili wenye afya na akili timamu, wapelekwe kwa waganga wa wilaya wafundishwe kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, na wafundishwe na masheikh hukumu za maiti wa namna hii. Ikiwa tutakuwa na watu hao, hatutagombana na watumishi wa afya mbele ya jeneza, wala hakuna maiti wetu atakayezikwa bila ya mtu wa dini yake karibu naye.

Tatu, jirani. Nyumba iliyowekwa chini ya uangalizi siku 21 haina wa kwenda sokoni wala kisimani. Jirani na aweke mlangoni ndoo ya maji, unga, mafuta na kuni, apige hodi kwa sauti, arudi nyuma, na asalimie akiwa mbali. Salaamu yetu ni ya ulimi, na ulimi hauhitaji kushika mtu. Wala asiulize ni Muislamu au ni Mkristo aliyemo ndani. Haki ya jirani haikufungamanishwa na dini yake. Na siku ya 22 na awe wa kwanza kuingia, akae juu ya mkeka wao, ale katika sinia yao, ili mtaa wote uone.

Nne, vijana. Mapango ya popo si mahali pa michezo, na mzoga wa mnyama wa porini si kitoweo. Nao tumekwisha haramishiwa. Na khabari msiyoihakikisha msiipeleke kwa simu zenu kutoka mji huu hata mwengine. Uwongo huvuka Rusumo upesi kuliko lori.

Maradhi yaliondoka Biharamulo baada ya kukhesabiwa siku 42 bila ya mgonjwa mpya. Malori yakaendelea kupita Lusahunga, na mama lishe wakaendelea kupeana mikono na wateja wao. Hatujui ni lini wala ni wapi mtihani huu utarudi, kwani popo wangali mapangoni na njia zingali wazi. Lakini twajua kuwa siku hiyo watu wataulizana tena: nimpe mkono au nisimpe? Jibu letu ni kuwa mkono waweza kuzuiliwa kwa muda, na haki isizuiliwe hata siku moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, awalipe kheri watumishi wa afya waliosimama mahali ambapo wengi walikimbia, na azihifadhi nyumba za Biharamulo na Ngara na nyumba zetu sote. Amin.