Habari za Nyumbani Zisingoje Msiba

Hesabu za viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo nchini Kenya, hufungwa tarehe 30 Juni, na malipo ya mwisho wa mwaka, ambayo kila mkulima huyaita bonasi, huingia benki mwezi wa Oktoba. Ndiyo maana huko Nyaramba, kama kwingineko katika Kaunti ya Nyamira kunakolimwa chai, Oktoba ni mwezi wa simu. Wana walioko Nairobi, Mombasa na ng'ambo hupiga kuuliza: mwaka huu wamelipa ngapi kwa kilo? Mzee hutaja kiasi, hulalamika kidogo kwamba wakulima wa mashariki mwa Bonde la Ufa wamelipwa zaidi tena, na mazungumzo huishia hapo. Hakuna aliyeuliza habari ya goti lake. Hakuna aliyetaka kujua kama yule ng'ombe mwekundu amezaa, wala mvua ya mawe ya juzi ilipiga shamba la nani.

Jambo hili si dogo, ingawa wengi hulichukulia hivyo. Wastaafu wa vijijini hawana haja ya pesa peke yake. Wanahitaji habari za watoto na wajukuu wao, na wanahitaji mtu wa kuwasikiliza wakieleza siku zao zilivyopita. Familia nyingi zimesahau haja hiyo ya pili, na nyingine zimeidharau kabisa.

Chukua mwalimu wa shule ya msingi. Tangu 2009 mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akiwa na umri wa miaka 60; kabla ya hapo ilikuwa 55. Kwa miaka thelathini na kitu habari zote za kijiji zilipitia mezani kwa mwalimu huyu: nani amefaulu, nani amefukuzwa kwa kukosa karo, baba wa nani ameenda Sotik kutafuta kibarua. Siku ya kuagwa alipewa blanketi na saa ya ukutani, hotuba zikasomwa, kwaya ikaimba. Jumatatu iliyofuata hapakuwa na kengele wala rejista, wala mtu wa kumgongea mlango kumuuliza lolote.

Siku zake sasa zina mwendo mwingine. Huamka alfajiri akachuma chai kabla jua halijawa kali, majani mawili na kichipukizi, akayawahisha kituoni kabla gari la kiwanda halijafika. Karani hupima, kisha humpa risiti ndogo ambayo mzee huikunja na kuitia katika mfuko wa koti pamoja na za wiki zilizopita. Adhuhuri mawingu hujikusanya, maana nyanda hizi za juu hupata mvua karibu mwaka mzima na mvua za vuli hupenda kushuka mchana. Kufika alasiri amefungiwa ndani. Simu ya mulika mwizi iko mezani, kando ya miwani na dawa za presha. Redio inatangaza vifo. Mzee anasikiliza kwa makini, kwa kuwa matangazo hayo ndiyo habari pekee za ukoo zinazomfikia bila kuziomba.

Hapo ndipo penye kasoro. Familia ambayo haiambiani mambo ila yanapokuwa ya msiba, ya hospitali au ya harambee, humfundisha mzee kuiogopa simu yake mwenyewe. Ikilia usiku, moyo unampasuka kabla hajaipokea.

Zamani pesa na habari zilisafiri pamoja. Kijana aliyeajiriwa Nairobi, au katika mashamba makubwa ya Kericho, aliandika barua akaikabidhi mtu anayekwenda nyumbani, noti imekunjwa ndani ya karatasi. Kabla ya kuigusa habari ya pesa alilazimika kusalimu watu mmoja mmoja, kuuliza hali ya mifugo, kueleza afya yake na kumtaja jirani aliyekutana naye mjini. Ndipo aseme madhumuni ya barua. Mzee asiyejua kusoma alimwita mtoto wa shule, mtoto akasoma kwa sauti, nyumba nzima ikasikiliza. Jibu nalo lilitungwa pale pale, kila mtu akichangia neno lake, na wakati mwingine kurasa hazikutosha.

Machi 2007 ilikuja M-Pesa. Wema wake hauna ubishi: dawa hununuliwa siku ile ile, karo hailali njiani, wala hakuna mjumbe wa kutokomea na noti. Lakini tangu hapo pesa zimeweza kusafiri peke yake. Ujumbe unaoingia una kiasi, jina la mtumaji, tarehe, saa na salio. Hauna neno juu ya mjukuu aliyeota jino. Mtumaji hupiga simu ya nusu dakika, "Tata, nimetuma, umeona?", na kuhesabu kwamba wajibu wake umekwisha. Mwaka 2024 Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Ni jasho la kweli na linastahili heshima. Hata hivyo mzazi aliyepokea shilingi elfu kumi bila kuambiwa aliyezituma analalaje, anakula nini na anacheka na nani, amepokea sehemu tu ya kile alichokuwa akikingoja.

Wapo watakaojibu kwamba kazi ni nyingi na saa hazilingani. Jibu hilo lipimwe kwa mfano wa Minnesota, jimbo la Marekani lenye jamii kubwa ya Abagusii, watu wa Kisii na Nyamira, hasa mjini Minneapolis na vitongoji vyake. Wengi wao ni wauguzi na watunzaji wa wazee, na wengi hufanya zamu za usiku. Anayetoka kazini saa moja asubuhi mwezi wa Oktoba, huko Nyaramba ni saa tisa alasiri, wakati ule ule ambao mvua imemfungia baba yake ndani hana la kufanya. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, na saa hiyo ya kutoka kazini inakuwa saa kumi alasiri ya Nyaramba. Bado inafaa kabisa. Dakika kumi za kutembea kuelekea garini zinatosha kumweleza mzee kwamba majani yamegeuka mekundu na kupukutika, kwamba watoto wameanza kuvaa makoti mazito na kwamba asubuhi gari lilikuwa na barafu kiooni. Mzee aliyezoea miti isiyopukutika atauliza maswali. Nayo maswali hayo ndiyo mazungumzo.

Tena inauma kufikiri kwamba mtoto huyo huyo amekesha usiku kucha akisikiliza hadithi za wazee wa watu wengine, akiwashika mkono, akiwauliza wamelalaje. Ujuzi anao. Na autumie nyumbani pia.

Lakini lawama zisiwaelemee vijana peke yao. Wazee nao wana mtindo wa kuficha. Wakiulizwa hujibu, "Sisi ni wazima," hali mmoja ana wiki mbili hajashuka kitandani. Wanasema hawataki kuwasumbua watoto walio mbali. Matokeo yake ni kwamba mtoto huipata habari ya ugonjwa siku ya kulazwa, fedha zikatafutwa kwa pupa, na pengine wakati umepita. Wengine hukosea upande wa pili: kila simu ni orodha ya mahitaji, mabati, mbolea, mchango wa kanisa, mpaka mtoto akaanza kuitazama namba ya nyumbani kwa hofu. Mstaafu na atoe habari ambayo haina bei. Aseme mboga ya saga imestawi nyuma ya nyumba, aseme mwanafunzi wake wa zamani amepata kazi, aeleze ubishi wa jana pale dukani. Mtoto aliye mbali anahitaji kusikia kwamba kwao bado kuna maisha, mbali na mahitaji.

Kuna kikwazo kingine ambacho watu wa Gusii wanakifahamu. Kati ya mzazi na mtoto mzima kuna heshima na haya. Baba hawezi kumwambia mwanawe kila kitu, na mkwe ndiyo kabisa. Robert na Barbara LeVine, watafiti Wamarekani waliokaa Gusii katika miaka ya 1955 hadi 1957, waliandika kwa kirefu juu ya haya hiyo, wakaonyesha pia kwamba kati ya babu, bibi na wajukuu mambo huwa mepesi, mizaha inaruhusiwa. Basi njia ipo. Simu na apewe mjukuu. Mtoto wa miaka tisa atamuuliza magokoro, yaani bibi yake, maswali ambayo hakuna mtu mzima angethubutu, na magokoro atayajibu. Mtoto huyo aliyezaliwa ugenini huenda amepewa jina la marehemu wa ukoo. Ni nani atakayemwambia marehemu huyo alikuwa mtu wa namna gani, kama si yule aliyemjua?

Lipo jambo zito zaidi. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu wakisingiziwa uchawi. Mei 2008 watu kumi na mmoja, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa tuhuma za aina hiyo hiyo huko Kisii. Waliofanya unyama huo ndio wenye hatia, na serikali ndiyo yenye jukumu la ulinzi. Ila familia nazo zijiulize. Mzee anayekaa peke yake, ambaye mwaka unapita hapigiwi simu wala hatembelewi, humwachia mlango wazi kila mwenye ulimi mbaya au mwenye kulitamani shamba lake. Mzee ambaye jirani wanajua kwamba mwanawe atapiga leo jioni, na kwamba akikosa kupokea kutakuwa na maswali, ana macho yanayomtazama hata kutoka mbali. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa familia yake na serikali. Familia imetajwa humo. Haikusahauliwa.

Hata mataifa tajiri yamelitambua tatizo hili. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani huishi na upweke, nao ukihusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Nyaramba haina haja ya kungoja waziri.

Inachohitaji ni mazoea. Siku moja ya wiki ijulikane kuwa siku ya simu, na ishikwe hata pasipo na jambo. Anayetuma pesa aongee kwanza, atume baadaye. Mstaafu anayeweza kuandika atafute daftari la shule, aandike mvua ilivyonyesha, kilo alizopima, nani amezaliwa na ni wa mlango gani. Marehemu Simeon Nyachae, mwanasiasa wa Gusii, baada ya kushindwa katika uchaguzi wa 2007 na kuacha siasa, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2010. Si kila mzee atachapisha kitabu, lakini daftari la mwalimu wa Nyaramba litasomwa na wajukuu wake kwa hamu isiyopungua.

Disemba inapokaribia, mabasi hujaa. Kila mwaka wako wanaofika nyumbani baada ya ukimya wa miezi kumi na moja, wakanywa chai kikombe kimoja, kisha wakaomba kuonyeshwa hatimiliki. Mzee huumia, na ana haki ya kuumia, kwa sababu suala la ardhi limetangulia habari ya uzima wake. Wanaotarajia kuzuru na waanze kupiga simu mapema, mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha, waulize habari za ng'ombe, za goti na za jirani, ili watakapofika wawe na mazungumzo ya kuendeleza.